Kabla Hujaamua Kupanga au Kununua Nyumba Ugenini

Mtu akishazoea nchi ya watu, huanza kupiga hesabu: hii kodi ninayolipa kila mwezi si ingetosha kulipia mkopo wa nyumba yangu mwenyewe? Hesabu hiyo ina nafasi yake, lakini haitangulii. Kwa mgeni, karatasi ya ukaazi ndiyo inayotangulia. Chukua kibali chako, tazama kinaisha lini, kisha soma masharti yake. Kimefungwa kwa mwajiri mmoja? Ukiachishwa kazi, unapewa muda gani wa kutafuta nyingine kabla ya kutakiwa kuondoka? Mwenye kibali cha miaka miwili kinachomtegemea bosi mmoja, akichukua mkopo wa miaka ishirini na mitano, anaweka dau kwamba mwajiri, serikali na afya yake vitamkubali muda wote huo. Huenda dau likalipa. Cha muhimu ajue kwamba ameliweka.

Wala asidhani nyumba itamtetea. Japani humruhusu mgeni kununua nyumba na ardhi karibu bila kizuizi, hata asiyeishi huko, ila hati miliki haimwongezei hata siku moja ya kukaa nchini. Nchi zilizokuwa zikiwapa wanunuzi ukaazi nazo zimeanza kufunga mlango: Ureno iliondoa ununuzi wa nyumba katika mpango wake Oktoba 2023, na Uhispania ikaufuta wa kwake Aprili 3, 2025. Dalali akikwambia nunua kwanza, viza itafuata, mwombe akuonyeshe sheria inayotumika leo, siyo tangazo la miaka mitatu iliyopita.

Halafu ujue sheria inakuruhusu kununua kitu gani hasa. Hapa nchi hutofautiana mno, na uzoefu wa rafiki aliyenunua kwingine haukusaidii. Thailand mgeni hawezi kumiliki ardhi kwa jina lake, lakini anaweza kumiliki fleti, mradi sehemu ya wageni haizidi asilimia 49 ya eneo la fleti zote za jengo. Kwa hiyo fleti unayoipenda inaweza kuwa halali kwako kwenye jengo hili na haramu kwenye jengo la jirani. Ufilipino nako ardhi ni ya raia, na fleti zina kikomo cha asilimia 40. Mexico, ndani ya kilomita 50 kutoka pwani au 100 kutoka mpakani, mgeni hununua nyumba ya kuishi kupitia udhamini wa benki: benki ndiyo inayoshika hati, wewe unakuwa mnufaika. Kenya, Katiba ya 2010 humpa asiye raia umiliki wa muda tu, usiozidi miaka 99. Kanada imewazuia wageni wengi kununua nyumba za makazi tangu Januari 1, 2023, na marufuku hiyo imeongezwa hadi mwanzo wa 2027. Wakaazi wa kudumu hawaguswi, na baadhi ya wenye vibali vya kazi wameachiwa nafasi. Australia nayo, kuanzia Aprili 1, 2025, iliwazuia wageni, wakiwemo wakaazi wa muda, kununua nyumba zilizokwisha kukaliwa.

Pale panaporuhusiwa, huenda mgeni akatozwa zaidi. Singapore ndiyo mfano mkali kuliko yote ninaoujua: tangu Aprili 27, 2023, mgeni hulipa ushuru wa ziada wa asilimia 60 ya bei, isipokuwa raia wa nchi chache zenye mikataba maalumu. Ukiona hivyo, mjadala wa kupanga au kununua umeshajijibu.

Njia ya mkato ambayo utashauriwa mapema ni kuandikisha nyumba kwa jina la mwenyeji, awe mchumba, rafiki au kampuni iliyoundwa kwa ajili hiyo. Usifanye. Mbele ya sheria mwenye nyumba ni yule aliyeandikwa, na katika baadhi ya nchi mpango huo wenyewe ni kosa, kwa hiyo hata mahakamani utaingia ukiwa mshtakiwa kabla hujawa mlalamikaji.

Sasa ile hesabu. Kosa lake la kawaida ni kulinganisha kodi na rejesho la mkopo, kana kwamba kununua hakuna gharama nyingine. Chukua nyumba ya 100,000, sarafu yoyote ile. Ushuru, wakili, usajili na dalali vikichukua asilimia 8, umeshatoa 108,000. Siku ya kuuza, dalali na gharama nyingine zikila asilimia 5, ili urudishiwe 108,000 zako nyumba lazima iuzwe kwa takriban 113,700. Bei zikipanda asilimia 3 kwa mwaka, utafika hapo baada ya miaka minne na miezi kadhaa. Hapo bado hujagusa riba, bima, kodi ya majengo na paa linalovuja. Kwa upande mwingine, hukulipa kodi ya pango. Weka asilimia za mahali ulipo uone unapata nini. Ujerumani, kwa mfano, ushuru wa ununuzi peke yake ni kati ya asilimia 3.5 na 6.5 kutegemea jimbo. Kwa maoni yangu, asiyeweza kusema kwa moyo mkunjufu kwamba miaka mitano ijayo yuko mji huohuo, apange.

Sarafu nayo isipimwe juujuu. Kopa kwa fedha unayolipwa mshahara. Maelfu ya familia za Poland zilikopa kwa faranga za Uswisi kwa sababu riba ilikuwa ndogo, huku kipato chao kikiwa zloti. Januari 15, 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro, na kwa siku moja madeni yao yakavimba bila mtu kukopa senti ya ziada.

Upande wa kupanga, wengi huona hakuna la kujiandaa. Kumbe mgeni hukwama huku mapema zaidi, maana mwenye nyumba anataka historia ambayo huna. Ujerumani ataomba taarifa ya Schufa inayoonyesha unavyolipa madeni yako. Ufaransa atataka mdhamini mwenye kipato cha kuaminika. Japani utaelekezwa kwenye kampuni ya udhamini, na huenda ukaombwa pia malipo ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hayarudi. England mwenye nyumba anatakiwa kisheria kuhakiki haki yako ya kupanga kabla hajakupa mkataba. Basi safiri na barua ya mwajiri, hati za mishahara za miezi ya karibuni, barua ya mwenye nyumba wako wa zamani, vyote vikiwa na tafsiri, na akiba ya kukuweka mahali pa muda wakati unatafuta.

Kuhusu amana, ile fedha ya dhamana unayompa mwenye nyumba mwanzoni, uliza vitu viwili: sheria inaruhusu kiasi gani, na fedha zitakaa wapi. Ujerumani haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. England, kwa nyumba nyingi, ni ya wiki tano, na lazima iwekwe kwenye mpango wa ulinzi ndani ya siku 30. Korea Kusini kuna mfumo ambao mpangaji hutoa amana kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba, kisha halipi kodi ya mwezi. Huko kagua daftari la serikali uone kama nyumba iko rehani, na uandikishe anwani yako mara unapohamia ili upate nafasi kwenye foleni ya wadai.

Siku ya kukabidhiwa funguo usiwe na haraka. Washa taa zote, fungua kila bomba, fungua na kufunga kila dirisha. Piga picha mita ya umeme na ya maji, tarakimu zisomeke. Piga picha pia ukungu kwenye kona ya bafu, alama ya pasi kwenye zulia, droo isiyo na kishikio. Zitume kwa barua pepe kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo. Uliza pia kinachobaki ndani: Ujerumani si ajabu kufungua mlango wa jiko ukakuta bomba na nyaya tu, kwa kuwa mpangaji aliyetangulia ameondoka na makabati yake.

Kwenye mkataba wenyewe, tafuta namna ya kutoka. Wageni wa Singapore huombea kipengele kinachomruhusu mpangaji kuondoka kabla ya muda akipoteza kazi au akihamishwa nchi. Kiombe popote ulipo, kabla ya kusaini.

Mnunuzi naye atafute wakili wake mwenyewe, asiyeletwa na muuzaji wala dalali, na asisaini karatasi ya lugha asiyoisoma bila mtafsiri. Aulize pia kodi ya siku ya kuuza. Marekani, muuzaji asiye mkaazi huko kwa mambo ya kodi kwa kawaida hukatwa asilimia 15 ya bei papo hapo, kisha hufuatilia salio lake kwa kujaza fomu.

Limebaki la mirathi, ambalo watu hulikwepa. Katika sehemu kubwa ya Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 17, 2015, mirathi hufuata sheria ya nchi ulikokuwa ukiishi, isipokuwa uwe umeandika kwenye wosia kwamba unachagua sheria ya uraia wako. Kwingine, nyumba hufuata sheria ya mahali ilipojengwa, upende usipende. Ndoa yenu ikiwa ilifungwa nchi ya tatu, mpelekee wakili cheti chake kabla ya majina kuandikwa kwenye hati.