Kumtuliza mtoto mchanga kwa wimbo: anza na pumzi yako

Wazazi ninaowafundisha huuliza kwanza wimbo upi unafaa. Wowote ule, mradi uuimbe mwenyewe. Watafiti DeCasper na Fifer walionyesha mwaka 1980 kwamba vichanga wa chini ya siku 3 huipendelea sauti ya mama yao kuliko ya mwanamke mwingine. Huhitaji sauti nzuri wala spika.

1. Hakikisha ni kilio cha kubembelezwa. Angalia njaa, nepi, gesi tumboni, joto. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali mara moja.

2. Jitulize wewe kwanza. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Zima redio. Mlaze kifuani, kichwa chake chini ya kidevu chako. Vuta pumzi kwa pua, kisha itoe kwa mvumo wa "mmm" mpaka iishe. Rudia mara tano au sita. Pumzi inayotoka polepole hupunguza mapigo ya moyo wako, na yeye anausikia mtetemo mwilini mwake.

3. Mfuate alipo, ndipo umshushe. Anayelia kwa nguvu hausikii wimbo wa taratibu. Anza kwa kasi ya kilio chake, ukitembea kwa mdundo huohuo. Kila anaponyamaza kuvuta pumzi, ingiza jina lake: "Tulia, Juma, tulia." Akianza kukusikiliza, punguza mwendo kidogo kidogo, acha maneno, ubaki na "la, la", halafu mvumo mtupu. Ukiharakisha kushuka atalia upya, basi rudi ngazi moja juu.

4. Usome mwili wake. Ngumi zikifunguka, endelea. Akigeuza uso, akitandaza vidole, akipata kwikwi au akibadilika rangi, ameelemewa: nyamaza, endelea kumshika. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, huelemewa upesi zaidi, kwa hiyo sauti moja ya chini inamtosha, bila ala yoyote.

5. Usikimbilie kumlaza. Watafiti wa Japani walipendekeza mwaka 2022 kutembea naye dakika 5, na akishasinzia ukae naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumweka kitandani. Mlaze chali, ukivuma mpaka umeondoa mikono yote miwili.

6. Ukizidiwa. Hasira ikipanda, usimtikise kamwe. Mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache, uite mtu akupokee. Ndiyo maana nasisitiza baba, bibi na dada wa kazi wote waujue wimbo uleule. Mtoto akiuzoea, mama anaweza kulala. Na mama ambaye huzuni yake imepita wiki mbili, au anayepata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, asisubiri kliniki ya mtoto. Amwone daktari kwa ajili yake mwenyewe.