SOMO: Kupima masikio na kizunguzungu msimu wa korona bila kuumiza mgonjwa wala mashine

Wakuu, habari za jioni. Tangu wimbi hili la tatu la korona (2021) lianze, wenzangu wa mikoani wananipigia kwa swali lilelile: "Kile kibanda cha kupimia usikivu, kisichopitisha kelele, mnakisafishaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja. Ukinipigia tena nakutumia uzi huu.

Mimi ni mpimaji wa usikivu, hospitali ya mkoa. Kibanda kimoja, odiomita (mashine ya milio ya kupimia) moja, dirisha moja linalofunguka. Wenye bajeti nono hamnihitaji.

1. Mpigie mgonjwa kabla hajaja. Ana homa, anakohoa, hasikii harufu? Aahirishe. (Asiyesikia mtumie ujumbe. Nimeona mtu akimpigia kiziwi mara sita, kisha anaandika kwenye jalada "hapokei".)

2. Maelezo yote yachukuliwe kwa simu au nje chini ya mti. Ndani ni vipimo tu.

3. Maji, sabuni, barakoa, msindikizaji mmoja. Mnajua.

4. Barakoa inaficha midomo, na wagonjwa wetu wanaishi kwa kusoma midomo. Tena inakula sauti: ya kawaida hupunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 hadi 4 kati ya 2000 na 7000 Hz, yaani kwenye sauti nyembamba, N95 karibu 12. Huko ndiko zinakokaa herufi s, f na t. Basi usiishushe kidevuni "kidogo tu ili anisikie". Andika maelekezo kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu: UKISIKIA MLIO, HATA MDOGO, BONYEZA. Asiyesoma, mwoneshe kwa vitendo.

5. Spekula (kile kincha cha tochi ya kuchungulia sikio) moja, mgonjwa mmoja. Nta inayoweza kusubiri isubiri. Tundu la sikio lina tawi la neva ya vagasi (mshipa wa fahamu unaofika pia kooni), ukiligusa wapo wanaokohoa hapohapo. Kaa ubavuni, usikae mbele ya uso.

6. Hedifoni. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni polepole.

Mei 2020 nilijiona mjanja. Nikachukua nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, nikavisha hedifoni pande zote mbili, mgonjwa akitoka navua natupa. Wiki moja baadaye napanga majalada naona ajabu: karibu kila grafu ya usikivu inaporomoka kwenye 6000 na 8000 Hz. Mama lishe, mwanafunzi, mlinzi, wote. Nikajiuliza mji huu una kelele gani? Nikajipima mwenyewe, nami nikaporomoka. Nikavua nailoni, nikajipima tena: mzima. Ile nailoni ilikuwa inajikunja, mto haukai vizuri sikioni, sauti nyembamba zinaishia njiani. Ikabidi niwaite watu 23 warudi hospitalini, katikati ya korona, kwa kosa langu. Mmoja alishaambiwa na mwajiri wake akapumzike.

Kwa hiyo: tumia vifuniko vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, au usivishe kitu. USIPULIZIE dawa kwenye hedifoni. Inaingia ndani kwenye spika. Lowesha kitambaa, kamua, futa mto, acha ukauke kabisa. Jik isiguse mto, unapasuka na chuma kinashika kutu. Spiriti ya kila siku hukausha mpira. Sisi tunatumia kitambaa chenye maji ya sabuni laini, kisha kingine kikavu. Ukimudu hedifoni za kuingiza sikioni zenye sponji za kutupa, ndizo bora. Na kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, jipime mwenyewe. Dakika tano tu. Ningefanya hivyo siku ya pili ya nailoni ningeokoa watu 23 nauli.

Msisahau kitufe. Kila mgonjwa anakibonyeza, hakuna anayekifuta.

7. Kibanda. Tatizo kubwa ni hewa kuliko kuta. Chumba ambacho hewa yake inabadilika mara 6 kwa saa kinahitaji dakika 46 kuondoa asilimia 99 ya vijidudu vilivyobaki hewani. Ikibadilika mara 12, dakika 23. Kibanda ambacho feni yake imezimwa hakifiki popote. Mgonjwa akitoka, acha mlango wazi, washa feni ya kibanda, fungua dirisha, kaandike ripoti nje. Mgonjwa mmoja kwa saa. Mganga mkuu akilalamika kuhusu foleni, mkaribishe aingie akae humo. Kiti na meza futa kwa Jik ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa maji 6.

8. Kizunguzungu. Kipimo cha Dix-Hallpike (kumlaza haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa, ukiangalia macho) hakikwepeki, ila simama nyuma ya kichwa chake, barakoa asiivue, ndoo iwe karibu maana wanatapika. Macho yakicheza na ukaona ni vijiwe vya sikio la ndani vilivyoingia mfereji wa nyuma, mfanyie Epley (kumgeuza kichwa hatua kwa hatua ili vijiwe vitoke) palepale kitandani, kila mkao sekunde 30 au zaidi. Usimpangie arudi wiki ijayo. Kipimo cha kizunguzungu cha maji ya vuguvugu na baridi sikioni kinaweza kungoja, isipokuwa matokeo yatabadili matibabu.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

kijana_wa_stendi: Mkuu ndefu sana. Nikipulizia Jik kwenye hedifoni si inatosha?

Mleta mada: Hatua ya 6.

kijana_wa_stendi: Nauliza tu, mbona mkali?

Mleta mada: Jibu limeandikwa kwa herufi kubwa. Hatua ya 6.

Nesi_Afya: Samahani kaka, 1 kwa 6 inatoa asilimia 0.5. Hiyo ni ya damu na matapishi. WHO kwa meza na viti wanasema 0.1, yaani 1 kwa 34.

Mleta mada: Najua. Sisi tunachanganya ndoo moja kwa kazi zote ili wahudumu wasichanganyikiwe.

Nesi_Afya: Na wahudumu wanakohoa kwa harufu ya klorini kwenye chumba chenye dirisha moja?

Mleta mada: ...Wanakohoa. Haya, ndoo mbili, na kila moja iandikwe. Wasomaji, mfuateni Nesi hapo, 1 kwa 34 kwa meza. Asante dada.

Bi_Tausi: Shikamoo dokta. Niko kituo cha afya, kibanda hatuna, tunatumia stoo. Tunafanya upuuzi?

Mleta mada: Marahaba, ila mimi si daktari, ni mpimaji. Wala si upuuzi! Stoo yenye dirisha ina hewa kuliko kibanda changu. Pima asubuhi mapema kabla kliniki ya watoto haijaanza na jenereta haijawashwa. Kelele za nje huharibu zaidi sauti nzito, hivyo 500 Hz usiiamini sana. Tegemea 1000, 2000 na 4000. Mwite mwenzio unayejua anasikia vizuri, mpime humo stoo. Asiposikia desibeli 25, lawama ni ya chumba. Niandikie majibu yake, tutaangalia pamoja.

Bi_Tausi: Nitafanya kesho. Ubarikiwe.

Mama Neema: Mwanangu akivua barakoa, shimesikio lake (kile kifaa cha kumsaidia kusikia) linaruka. Juzi tumelitafuta kwenye mtaro.

Mleta mada: Kamba zisipite masikioni. Shona vifungo viwili kwenye kitambaa cha kichwani, barakoa ining'inie hapo.

Mzee wa Tanga: La mzee wangu limezima. Alijifukiza nyungu nalo likiwa sikioni.

Mleta mada: Toa betri, acha kimlango wazi, litie kwenye chupa yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu. Siku mbili. Usilianike juani wala karibu na jiko. Nyungu na shimesikio ni maadui.

fundi_simu: Mchele pia unafanya kazi.

Mleta mada: Mchele una vumbi, linaziba maikrofoni.

Kipepeo: Mwaka jana (2020) nilimeza klorokwini kujikinga na korona. Tangu hapo sikio linalia kama mbu. Inahusiana?

Mleta mada: Inawezekana, klorokwini inajulikana kuleta mlio na hata kupunguza usikivu. Umefanya vizuri kuuliza. Nenda kapimwe wiki hii, na uwatajie ulimeza kiasi gani na kwa muda gani. (Aliyeandikiwa na daktari asiache dawa kwa kusoma hapa, arudi kwa daktari wake.)

mume_mwema: Mke wangu akigeuka kitandani nyumba inazunguka. Nimfanyie hiyo Epley kwa kuangalia video?

Mleta mada: Anaona vitu viwiliviwili? Ulimi mzito? Mkono au mguu umelegea? Kichwa kinauma sana? Hata moja, hospitali sasa hivi. Ana tatizo la shingo?

mume_mwema: Hana hata moja. Sekunde chache tu akilalia kulia.

Mleta mada: Basi huenda ni vijiwe, lakini usianze kwa video. Mlete Jumatatu saa tatu, nina nafasi moja. Wewe utasubiri nje.

Mzee wa Tanga: Limewaka!