Kabla Hujapeleka Baiskeli Yako Stellenbosch

Anza na kalenda. Wengi wanaoniuliza kuhusu kuendesha baiskeli ya mlimani kwenye vilima vya mizabibu vya Rasi (Cape), kule Afrika Kusini, huanza na aina ya baiskeli, wakafuata bei ya tiketi ya ndege, na mwezi wa safari wakautaja mwishoni, kama ni suala la likizo tu. Kwangu mimi mwezi ndio unaoamua mengine yote: saa ya kuamka, maji ya kubeba, tairi la kufunga, hata kama njia yenyewe itakuwa wazi siku hiyo.

Sisi tumezoea masika na vuli. Stellenbosch, Franschhoek, Paarl na Wellington, miji ya eneo hilo, hupata mvua wakati wa baridi, takriban Mei hadi Agosti. Kuanzia Desemba hadi Februari ni jua kali na ukame, joto hupita nyuzi 35 bila kumshangaza mtu, na upepo wa kusini-mashariki huvuma siku kadhaa mfululizo. Wenyeji wanauita Daktari wa Cape, kwa kuwa husafisha hewa ya mji wa Cape Town. Kwa mwendesha baiskeli aliye juu ya tuta la mlima, upepo huo humsukuma ubavuni hadi gurudumu la mbele linahama njia.

Halafu kuna mavuno. Anayezijua zabibu za Dodoma anajua zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Rasi ni mara moja tu, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi na kuingia Aprili, na katika miezi hiyo shamba halina nafasi ya mgeni. Wachumaji wanaingia alfajiri kabla jua halijapanda, trekta zinavuta matela ya zabibu kwenye zile zile barabara za vumbi unazotaka kushukia kwa kasi. Ukikunja kona ukakuta tela limeziba njia, huna pa kwenda: mizabibu kushoto, mizabibu kulia, na waya umekazwa katikati ya nguzo kwa urefu wa kifua chako.

Ushauri wangu ni mwishoni mwa Aprili, au Oktoba na Novemba. Mwishoni mwa Aprili mavuno yamekwisha, majani yanageuka rangi, joto limepungua na mito bado iko chini. Oktoba ardhi ina unyevu unaolishika tairi vizuri, ila huo ni msimu wa kupulizia mizabibu dawa. Ukiona trekta la dawa linafanya kazi, subiri au pita mbali, na msimu wowote zabibu ya shambani usiichume hata kama umeambiwa ni tamu.

Jambo jingine linalotuponza sisi tuliokulia karibu na Ikweta ni saa za mchana. Kwetu jua ni saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, tunapanga safari bila kufikiria. Stellenbosch, Desemba, jua huzama karibu saa mbili usiku. Juni huchomoza saa mbili kasoro asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ndani ya bonde lenye milima mirefu pande zote kivuli hukufikia mapema zaidi. Safari ya muda wa saa nne ya mwezi Juni ikianza saa nane mchana, bila taa, ni safari ya kurudi ukipapasa. Tena jua la adhuhuri huko hukaa upande wa kaskazini mwaka mzima. Mteremko unaotazama kaskazini hukauka haraka. Unaotazama kusini hubaki na mizizi yenye utelezi siku mbili tatu baada ya mvua, na unaweza kupita yote miwili ndani ya dakika kumi.

Ukishachagua mwezi, tafuta ruhusa. Hapa naomba nisomwe kwa makini. Njia hizi karibu zote ziko kwenye ardhi ya mtu. Jonkershoek, bonde lililo nje kidogo ya mji wa Stellenbosch ambako mto Eerste unaanzia, lina misitu ya misonobari na hifadhi ya asili, na huingii na baiskeli bila kibali cha kulipia. Kwenye vilima vya Bottelary, Simonsberg na Helderberg njia inatoka shamba hadi shamba kwa sababu wenye mashamba wamekubaliana kuwaruhusu waendesha baiskeli wapite. Makubaliano hayo ni ridhaa, na ridhaa huondolewa. Nimemwona mtu akiinua utepe wa njia iliyofungwa, akapita na kuacha alama ya tairi kwenye udongo uliolowa, mfereji mwembamba ambao mvua inayofuata ingeugeuza korongo. Hasara haikuwa yake, ilikuwa ya wote wanaopita hapo kwa ridhaa hiyo. Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari, angalia tena kama njia imefunguliwa. Hufungwa kwa mvua, hufungwa kwa mavuno, na siku za joto na upepo hufungwa kwa hatari ya moto, maana fynbos, uoto wa asili wa Rasi, ni vichaka vinavyowaka kwa urahisi mno. Septemba 2023 mafuriko yalikata barabara za kuingia Franschhoek, na hata wenye magari makubwa walikwama.

Osha matairi kabla ya kuondoka nyumbani. Sisemi hivi kwa ajili ya urembo. Miaka ya 1880 mdudu mdogo aitwaye filoksera, anayeishi ardhini na kula mizizi ya mizabibu, alifika Rasi na kuangamiza mashamba. Hadi leo mizabibu mingi hupandikizwa juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani kwa sababu yake yeye. Udongo uliokaukia kwenye meno ya tairi unaweza kubeba wadudu na kuvu kutoka shamba moja hadi jingine, na mwenye shamba anayekukuta umeleta baiskeli yenye matope ya Arusha ana haki ya kukutazama vibaya. Brashi, maji, sabuni, kisha uiache ikauke kabisa juani.

Sasa baiskeli yenyewe. Udongo wa vilima hivi, hasa kule Paarl, ni itale iliyomomonyoka: ikikauka huacha punje juu ya ardhi ngumu, kama mahindi makavu yaliyomwagwa kwenye sakafu ya saruji. Ukikaza breki ya mbele kwenye kona ya namna hiyo unaanguka kabla hujajua umeanguka. Breki zinatumika kabla ya kona, baiskeli ikiwa imesimama wima, na ndani ya kona unaziachia. Lifanyie mazoezi nyumbani kwenye barabara yoyote ya changarawe. Nenda pia kwa fundi, mwombe achomoe pedi za breki za diski uzione kwa macho yako. Mara ya kwanza mimi sikufanya hivyo. Fundi wangu alizichomoa niliporudi, akaziweka kiganjani mwangu: upande mmoja ulibaki unene wa karatasi mbili tatu, mwingine ulikuwa chuma kitupu kinachong'aa. “Kaka, ulikuwa unashuka na hizi?” Nilikuwa nashuka na hizo.

Matairi yawe yasiyotumia tyubu, yenye dawa ya pancha ndani. Sababu ni mmea tunaoufahamu vizuri, mbigili. Kando ya njia za mashambani umejaa tele, na punje yake hutua daima mwiba mmoja ukiwa umeelekea juu. Siku moja karibu na mto Berg nilisimama kunywa maji, nikahesabu punje tano kwenye tairi la nyuma. Nilichomoa ya kwanza, tone jeupe la dawa likachemka tunduni, likatoa povu, likakauka. Nyingine nne niliziacha mpaka jioni. Mwenzangu mwenye tyubu za kawaida alitumia viraka vyote siku hiyo, akamaliza safari kwa miguu. Upepo uwe wa wastani: kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi la inchi 2.3, PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 22 hadi 25 hushika njia vizuri. Beba pampu, tyubu moja ya akiba hata hivyo, alenki, na kiungo cha akiba cha mnyororo.

Gia iwe nyepesi kweli. Vilima vya mizabibu vinadanganya macho, kwa kuwa mistari ya mizabibu imenyooka na kupangwa vizuri unadhani mlima ni mpole. Kupanda kwa mita 150, kushuka, kupanda tena mita 120, kushuka, mara sita saba kwa asubuhi moja, kunachosha kuliko mlima mmoja mrefu. Meno 32 mbele na 50 nyuma si aibu. Miguu nayo itayarishwe hivyo hivyo: tafuta kilima kifupi karibu na kwako, ukipande mara nyingi, kwa wiki nane.

Maji: kiangazi mimi hubeba lita tatu kwa saa tatu, na chumvi kidogo. Usitegemee mito. Juu kabisa kwenye chanzo cha Eerste maji yanavutia, lakini mito inayopita mijini, kama Plankenburg pale Stellenbosch, ina uchafu wa vinyesi unaojulikana na kupimwa miaka mingi. Ukivuka kijito kinachopita chini ya makazi ya watu, hata chupa iliyorushiwa maji ifute mdomo kabla ya kunywa.

Mvinyo uonjwe baada ya baiskeli kuegeshwa. Joto, kiu na glasi tatu havikai pamoja na mteremko. Asiyekunywa asione haya kuingia. Mashamba mengi yana maji ya zabibu, jibini na zeituni, na hadithi ya Pinotage, zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kuchanganya aina mbili, inasimuliwa bila glasi mkononi.

Helmeti ni sheria Afrika Kusini, na gari linalokupita katika jimbo la Western Cape linapaswa kukuachia mita moja. Wanaendesha kushoto kama sisi. Usiende peke yako, kwa sababu mbili: kumekuwa na matukio ya uporaji kwenye baadhi ya njia, na nyoka aitwaye kifutu hupenda kujianika katikati ya njia asubuhi. Kifutu hakimbii, hulala kimya akikungoja umkanyage. Simu iwe na chaji, na namba za dharura, 112 na 10177, ziwe zimehifadhiwa, pamoja na jina la lango uliloingilia, kwa maana mwokoaji atauliza hilo kwanza.

Kuhusu safari: Wakenya na Watanzania hawahitaji viza kwa matembezi ya hadi siku 90, lakini anayetoka Kenya aoneshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku 10 kabla. Baiskeli hufungwa kwenye boksi, matairi yakiwa yamepunguzwa upepo, usukani umegeuzwa, pedali zimetolewa. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha upande wa mshale wa saa, kinyume na ya kulia. Wengi wameharibu mkono wa pedali hotelini usiku kwa kutolijua hilo. Na siku ya kurudi, kabla ya kuifunga, omba bomba la maji hapo shambani uoshe matairi tena. Dodoma nako kuna mizabibu.