Baada ya kukatwa titi, anza na mkono

Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa Ujiji, Kigoma, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Titi langu la kushoto liliondolewa lote kwa sababu ya saratani, pamoja na tezi za kwapani. Nayaandika haya kwa ajili ya mwanamke anayerudi nyumbani leo au kesho akiwa na mrija kifuani na karatasi ya kliniki mkononi, maana mimi nilirudi nikiwa najua tarehe ya kutolewa nyuzi na basi. Mengine niliyajua kwa kuuliza, tena nimeshachelewa. Daktari aliyekufanyia operesheni anaijua kuliko mimi, kwa hiyo akikukataza jambo, liache hata kama hapa nimelisifu.

Wiki ya mrija

Mrija ule unatoa majimaji yanayojikusanya pale nyama na tezi zilipotoka. Usiuogope, ila usiusahau. Kila asubuhi, saa ile ile, nawa mikono kwa sabuni, mwaga chupa, pima, andika. Mimi niliandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma. Siku za mwanzo mililita 140, nyekundu. Siku ya nane 35, rangi ya chai kavu. Madaktari wengi huutoa ukishuka chini ya mililita 30 kwa siku, siku mbili mfululizo. Chupa isikuning'inie: shona kifuko cha khanga chenye mkanda, ukifunge kiunoni chini ya nguo.

Nguo za kuvaliwa kichwani ziweke kando. Nilichukua dera langu la kwanza nililoliona kabatini, nikamwambia mwanafunzi wangu alipasue mbele kutoka shingoni hadi kiunoni na kulitia vifungo. Madera mawili ya namna hiyo yanatosha mwezi mzima. Shona na mto mdogo, upana wa kiganja na nusu, ujaze pamba, ukae nao kwapani. Nilipotolewa hospitali kwa bajaji, kila shimo la barabara nililisikia kwenye mshono mpaka nilipoupata mto ule. Bodaboda iache kabisa kwa wiki hizo. Usiku lala chali, mkono ukiwa juu ya mto mwingine, uinuke kidogo kuliko kifua.

Upande wa ndani wa mkono, kuanzia kwapani kushuka kuelekea kiwiko, utakuwa na ganzi, kama kuna kitambaa kati yako na ngozi yako. Mishipa ya fahamu imeguswa. Kwa wengine ganzi hupungua baada ya miezi, kwa wengine hubaki. Tena usishangae titi lisilokuwepo likiwasha. Langu liliniwasha usiku, chuchu kabisa, nikapeleka mkono nikakuta bandeji. Hilo ni jambo linalojulikana hospitalini, si wazimu wala si mkono wa mtu.

Mrija ukishatoka, maji yanaweza kujikusanya tena chini ya kovu, ukitembea unayasikia yakicheza. Rudi kliniki wayavute kwa sindano. Homa, usaha, wekundu unaotambaa, damu kujaa chupa ghafla, mguu mmoja kuvimba au pumzi kukatika, hayo hayasubiri tarehe ya kliniki. Nenda saa hiyo hiyo.

Shangazi yangu aliniletea unga wa mizizi wa kupaka kwenye kidonda. Nilimshukuru kwa dhati, maana alitoka mbali, nikauweka kabatini. Kidonda kibichi hakipakwi kitu ambacho hospitali haikukitoa.

Chaki ukutani

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Nilirudi nyumbani nikaubana mkono wangu ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa, wiki tatu, nikiamini naulinda. Bega likaganda. Sikuweza kujitupia mtandio wala kufunga sidiria. Kisha kwapani pakatokea kitu kama uzi mnene chini ya ngozi, nikinyoosha mkono unavuta hadi kwenye kiwiko. Niliapa saratani imerudi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipoushika akaniambia ni kamba ya mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili, iliyokakamaa baada ya operesheni, wanawake wengi huipata, na huachia kwa kunyooshwa polepole. Ikaachia baada ya wiki kadhaa.

Basi wewe usingoje. Wakikuruhusu, na mara nyingi huruhusu mapema tu baada ya operesheni, anza kufumba na kufumbua kiganja, kukunja kiwiko, kuzungusha mabega, kuchana nywele kwa mkono huo. Maadamu mrija bado upo, mkono usivuke usawa wa bega. Ukitoka, ingia ukutani. Simama ukiutazama ukuta, weka vidole, vipandishe kimoja kimoja kama mjusi, ukifika panapovuta simama hapo, vuta pumzi mara tano, teremka. Rudia mara tano hadi kumi, mara tatu kwa siku. Kuvutwa kunakubalika, kuchomwa kama kisu, acha, jaribu kesho. Mimi nilifanya baada ya swala, hivyo sikuhitaji mtu wa kunikumbusha.

Chukua chaki. Mimi nilitumia ile yangu ya kuchorea vitambaa, nikaweka mstari ukutani pale vidole vilipoishia, na tarehe pembeni. Kuna siku mbili mstari ulishuka na kuna wiki haukupanda hata upana wa kidole. Lakini ukiangalia wa chini kabisa na wa juu, unaona. Wiki zote hizo nilikuwa naswali nimeketi, nasujudu kwa ishara. Siku mstari ulipopita paji la uso niliinua mikono yote miwili kwenye takbira bila wa kulia kuusaidia wa kushoto, nikalia juu ya mswala hadi mwanangu akaja kuchungulia.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Ukiandikiwa tiba ya mionzi, ambayo sisi wa Kigoma tunaifuata hospitali ya Bugando kule Mwanza au Ocean Road Dar es Salaam, utalazwa mkono ukiwa juu ya kichwa na utatakiwa utulie hivyo. Mkono usiopanda utakuchelewesha.

Mzigo ni habari tofauti na mazoezi. Wiki sita za kwanza usibebe kwa mkono huo kitu kinachozidi kilo 2 hivi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hiyo haina mjadala. Kutwanga sombe, yaani kisamvu, mwachie mwingine kwa miezi, na usione haya kusema. Mimi nilianza na kupangusa meza, kisha kuanika nguo nyepesi kwenye kamba, ambayo yenyewe ni zoezi zuri, kisha kushika kitambaa kwenye cherehani nusu saa, saa moja, mpaka kazi ikarudi.

Mkono huu sasa ni mgeni wa heshima

Tezi zikiondolewa kwapani, maji ya mwilini hupungukiwa njia, na kijidudu kikiingia mkononi ulinzi ni hafifu. Mkono unaweza kuvimba baada ya wiki, hata baada ya miaka. Mimi mkono wangu wa kushoto ndio unaoshika kitambaa na ndio unaochomwa sindano, kwa hiyo sasa sishoni bila kastabini. Pasi ya mkaa naishika kwa kulia tu. Migebuka ina mapezi makali, navaa glavu. Mawese yakichemka navaa mikono mirefu. Nalala ndani ya neti, napaka mafuta ngozi isipasuke. Nikikatika naosha kwa sabuni na kupaka dawa palepale. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu yake, nenda hospitali siku hiyo hiyo, utahitaji dawa za kuua vijidudu.

Wauguzi wengi watakuambia presha ipimwe na damu itolewe kwenye mkono mwingine. Mwambie nesi kabla hajafunga kamba. Na mikono ya salamu! Watu wetu wakikupenda wanakuvuta. Msibani, harusini, toa mkono ulio mzima, na huo mwingine uwe ndani ya khanga.

Kioo

Fundi wa nguo ana kioo kirefu, hana ujanja. Changu nilikifunika kwa kitenge. Wateja waliuliza, nikasema kimepasuka.

Nilichokifanya mwisho nakupendekezea ukifanye mapema. Sikuanza kwa kutazama. Nilianza kwa kugusa, bafuni, jioni, kabla taa haijawashwa: kiganja chenye sabuni, taratibu, kutoka penye ngozi ya kawaida kuelekea kovuni. Siku kadhaa hivyo. Kisha nikamwonyesha dada yangu, naye akatazama kwanza kabla yangu, akaniambia anachokiona kwa maneno ya kawaida: mstari mmoja, mrefu kama kalamu, mwekundu, umenyooka. Ndipo nikatazama. Kovu lilikuwa dogo kuliko lile nililokuwa nalo kichwani.

Mume wangu alihamia kulala sebuleni tangu nilipotoka hospitali. Nilijua moyoni kwamba nimemchukiza, na sikuuliza, naye hakusema, tukakaa hivyo mwezi na zaidi, kila mtu na kimya chake. Siku moja nilichoka. Nikamwambia, "Baba watoto, njoo unisugue mgongo, mkono haufiki." Akaja, akasugua mgongo tu, muda mrefu, maji yakapoa. Kisha akasema, "Nilikuwa naogopa kukuumiza." Wewe unayenisoma, kama mumeo amekaa mbali, usimsomee moyo. Mpe kazi ndogo ya mkono, isiyo ya maneno, na uone.

Watoto waambie mwenyewe. Wangu mdogo, miaka mitano, alisikia watu wazima wakinong'ona kwamba mama ameondolewa ziwa, akakimbia hadi panapoonekana maji kuangalia kama Tanganyika bado ipo. Alirudi akaniambia, "Ipo, mama." Nilimkalisha nikamweleza: titi liliugua, daktari amelitoa ili mama abaki, na ugonjwa huu hauambukizi kwa kulala na mama.

Wageni watajaa wiki ya kwanza na ya pili. Mweke wifi au jirani mlangoni, awe na ruhusa ya kusema umelala. Atakayekuhadithia waliokufa kwa ugonjwa huu, mwombe abadilishe mazungumzo, hata kama ni mkubwa wako. Sema kwa adabu lakini sema. Kilio kikubwa huja wiki ya tatu au ya nne, nyumba ikishatulia. Lia. Ila ukipitisha wiki mbili huli, hulali, hakuna kinachokugusa, au unatamani ufe, hilo nalo lisemee kliniki kama unavyosemea kidonda. Lina matibabu, na si upungufu wa imani.

Titi la kitambaa

Kovu likishafunga, nilijishonea titi. La kwanza nililijaza pamba tupu, likawa linapanda hadi karibu na mtulinga, maana halina uzito. Titi linataka uzito, si kwa macho ya watu tu: upande mmoja ukiwa mtupu na mwingine mzito, bega hupanda na mgongo huuma.

Kata miduara miwili ya pamba laini, isiwe nailoni, kwa joto letu utaungua. Mduara wa mbele uwe mpana kuliko wa nyuma kwa kama sentimita 4, na uutie mikunjo midogo minne ukingoni ili ufumbe kama bakuli. Shona ukizunguka, acha mdomo wa vidole vitatu. Kando, shona kifuko kidogo cha ulezi mkavu. Ulezi kiasi gani? Nilijaza kidogo kidogo nikisimama mbele ya kioo, kitenge nimeshakiondoa, hadi mabega yakalingana. Kifuko kiwe chini, pamba ikizunguke pande zote, mdomo uufunge kwa vishikizo ili utoe ulezi siku ya kufua, la sivyo utachipua. Ndani ya sidiria tia mfuko wa kitambaa wa kulishika. Kabla ya wiki sita vaa la pamba tupu, jepesi, lisikandamize.

Tepu

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi napima mikono yote miwili: sentimita 10 juu ya kiwiko, sentimita 10 chini yake, na kifundo cha mkono. Naandika kwenye daftari lile lile. Mkono wa upande uliokatwa ukiuzidi mwenzake kwa sentimita 2 mahali popote, ukilinganisha na vipimo vyako vya mwanzo, au pete na bangili zikianza kubana, au mkono ukawa mzito jioni, usisubiri uvimbe uonekane na watu. Ukiwahiwa kwa bandeji za kubana na mazoezi hutulia. Ukiachwa unakuwa mgumu. Vidonge vya kuzuia homoni navyo nikimeza naweka alama hapo hapo, maana ni miaka 5 kwa wengi wetu tulioandikiwa, na kuvikatisha kwa sababu ya joto la usiku ni hatari. Joto lisemee kliniki.

Mwezi huu juu ya kiwiko: kulia 28, kushoto 28 na nusu.

Ukurasa unaofuata kuna vipimo vya mama mmoja wa Mwandiga aliyekuja kushonewa gauni la harusi ya mwanawe. Alipovua mtandio niliona bega lake moja limepanda, na mkono wa upande huo ameubana ubavuni. Nilipima mabega, nikapima kifua, nikapima urefu. Kisha nikapima mikono yote miwili, juu ya kiwiko na chini yake. Akaniuliza gauni gani linahitaji hivyo. Nikaenda kufunga mlango wa mbele.