Maoni ya vijana kuhusu sehemu ya kutisha: yachukue kabla hawajaanza kuongea

Mmemaliza kuhariri sehemu ya kwanza ya mfululizo wenu wa kutisha wa vijana. Ina dakika 24, na mnataka kujua kama inatisha kweli kabla ya kuipeleka kwa kituo cha televisheni. Mkiwaita marafiki 40, mzime taa, kisha muulize mwishoni "Mmeionaje?", mtapigiwa makofi, na makofi hayamwambii mhariri akate wapi. Hofu ya kijana wa miaka 15 hukaa usoni sekunde chache tu. Akishamgeukia mwenzake, ameanza kupanga atakachosema ili asichekwe.

Vijana 24 wanatosha, lakini kwa makundi mawili ya 12: wa miaka 13 hadi 15 peke yao, na wa 16 na 17 peke yao. Ukiwachanganya, wadogo watacheka wakubwa wakicheka na kunyamaza wakubwa wakinyamaza. Usichukue darasa zima linalojuana. Kwa Nairobi, wanne kutoka mtaa wa Umoja, wanne kutoka Kibera na wanne kutoka Eastleigh watakupa majibu yenye upana zaidi. Wanafunzi wa bweni hupatikana likizoni tu, Aprili, Agosti, na Novemba hadi Desemba. Kama hadithi yenu iko bwenini, wasubirini hao, kwa sababu wanajua taa huzimwaje na matroni hupita saa ngapi, na kosa dogo hapo huwatoa kwenye hadithi papo hapo.

Mzazi au mlezi atie sahihi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini yake kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, na aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Barua itaje kilichomo bila kuficha: damu, kifo, jini, kujiua kama kumo. Katika nyumba nyingi za Nairobi, za Waislamu na za Wakristo, jini si mchezo wa kuigiza, na mzazi ana haki ya kujua mapema. Bodi ya kuainisha filamu ya Kenya, KFCB, ina madaraja manne: GE (ya watu wote), PG (mtoto atazame kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18. Kama nyinyi wenyewe mnaona sehemu hii itapewa 16, kundi la wadogo lisiwepo kabisa. Kumbukeni pia kwamba kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku, vipindi vya watu wazima haviruhusiwi hewani.

Onyesho lianze Jumamosi saa 8 mchana, ili kila mtoto awe nyumbani kabla ya giza. Shida ni kwamba Nairobi jua huzama karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, kwa hiyo giza la ukumbini mtalitengeneza wenyewe. Funikeni madirisha kwa blanketi nzito au plastiki nyeusi, kisha mjaribu picha kwa tukio lenye giza kuliko yote, si lile la uwanjani mchana. Kama hamwoni mkono wa mhusika ukishika kitasa, watazamaji hawatauona pia, na watasema hawakuelewa. Kwa watu 12, televisheni ya inchi 55 ni bora kuliko projekta ya bei rahisi. Epukeni ukumbi wa mabati miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kwa sababu mvua ya dakika kumi humeza minong'ono yote.

Sauti ndiyo huharibu majaribio mengi. Msitumie spika ya Bluetooth. Huchelewesha sauti, na kwa filamu ya picha 25 kwa sekunde, kuchelewa kwa milisekunde 160 ni picha 4 nzima. Mlango unabamizwa, macho yameshaona, kisha kishindo kinafika. Mshtuko unakufa, nanyi mnamlaumu mhariri bure. Tumieni waya, spika mbili zenye besi, na mpime kwa simu mkiwa mstari wa katikati: mazungumzo yawe karibu desibeli 70.

Nauli itolewe mlangoni wanapoingia, kiasi sawa kwa kila kijana. Ikitolewa mwishoni, vijana wataona sifa nzuri ni sehemu ya malipo. Simu ziwekwe kwenye bahasha zenye namba. Soda na mandazi zije baadaye, na krispi zisije kabisa, maana pakiti moja inatosha kuvunja ukimya wa tukio zima.

Sasa waangalizi. Wawekeni wawili mbele pembeni, wakitazama nyuso na si skrini, kila mmoja na vijana sita. Saa zao zianzishwe pamoja picha ya kwanza inapotokea. Karatasi igawanywe kwa nusu dakika, na alama ziwe chache: S kwa kushtuka, F kwa kufunika uso, C kwa kucheka, N kwa kunong'ona, P kwa kuangalia pembeni. Wafanye mazoezi siku moja kabla, nyumbani, kwa kitu kisichotegemea maneno. "Hush," sehemu ya mfululizo wa televisheni wa Buffy the Vampire Slayer iliyorushwa Marekani tarehe 14 Desemba 1999, inafaa sana: ina takriban dakika 27 bila mazungumzo, hivyo kinachosomwa usoni hakitoki kwenye maneno.

Alama ya C ndiyo hupotosha. Vijana hucheka wakiogopa. Kicheko kinachokuja mara tu baada ya kuruka kitini, mkono ukiwa mdomoni, ni cha hofu, nanyi mmefaulu. Kicheko kinachoanza polepole, mmoja akimgusa mwenzake na kuelekeza kidole kwenye skrini, ni cha dhihaka, kama kwa barakoa mbaya. Mwangalizi aandike C1 kwa cha hofu au C2 kwa cha dhihaka palepale, jioni hatakumbuka.

Sehemu ikiisha, taa ziwashwe kidogo, na kabla neno halijatoka kila mmoja apewe karatasi na dakika saba za kimya. Maswali manne yanatosha. Eleza kwa sentensi mbili kilichotokea. Ni wapi mwili wako ulibadilika? Ni wapi akili yako ilienda kwingine? Nani alifanya jambo ambalo hungeliamini? Msiulize "Ilikutisha?", kwa sababu wavulana wengi watakataa na wapole watakubali. Msitake alama kati ya 1 na 5, mtapata 4. Waandike Kiswahili, Kiingereza au Sheng. Mtu akiandika "ni noma," msikisie: inaweza kuwa sifa au lawama. Muulizeni ni tukio gani.

Mazungumzo yasizidi dakika 25, na yasimamiwe na mtu asiyehusika na filamu. Mwongozaji akae nyuma, asieleze chochote. Akisema tu "hapo tulimaanisha…", kikao kimeisha. Anzeni na aliyenyamaza zaidi, na "wapi" itangulie "kwa nini". Anayetaka kutoka atoke, asiulizwe, na mtu mzima mmoja anayeaminika abaki robo saa baadaye kwa yeyote aliyeguswa vibaya.

Usiku huohuo, linganisheni alama na maandishi. Kushtuka si kuogopa. Kama 9 kati ya 12 walishtuka dakika ya 11 lakini mmoja tu aliitaja kwenye karatasi, hapo mna kishindo tu. Kama hakuna aliyeshtuka dakika ya 16 lakini 7 waliiandika, msiiguse hata picha moja. Hofu ya sehemu hii inaishi hapo.

Lalamiko nalo mara nyingi huwa mbali na kosa. Tuseme wengi wanasema mwisho haueleweki, ule wa ndoo inayovutwa kwenye sakafu ya saruji nje ya bweni. Angalieni sentensi zao mbili za kwanza: wangapi walitaja kwamba ndoo hiyo ilikuwa ya msichana aliyetoweka? Kama ni watatu tu, mwisho ni mzima. Kilichokosekana ni dakika ya 4, ambapo jina lake kwenye ndoo lilionekana kwa nusu sekunde. Liongezeeni sekunde mbili, na mwisho mliokuwa mkitaka kuupiga picha upya utasimama.

Mkirekebisha, iteni vijana 12 wapya. Wale wa kwanza wanajua ndoo ni ya nani.