Vipando vya Nane Nane: panga kwa kuhesabu kinyumenyume

Maonesho ya wakulima ya Nane Nane huanza tarehe 1 Agosti na kufikia kilele tarehe 8. Kipando chako, yaani zao unalopanda uwanjani ili wageni walione, kina siku hizo tu za kuwa kwenye ubora wake, tena katikati ya kiangazi. Kwa hiyo ratiba usiianzie siku mbegu zilipopatikana. Ianzie tarehe 1 Agosti, urudi nyuma.

Kwenye viwanja vya joto kama Morogoro, mahindi ya muda mfupi yapandwe kati ya tarehe 5 na 10 Mei ili wageni wayakute mabichi, punje zimejaa. Nyanya na kabichi sia kitaluni katikati ya Aprili, hamishia miche shambani katikati ya Mei. Maharage ni wiki ya mwisho ya Mei. Mchicha subiri hadi tarehe 5 Julai hivi, ukiwahi utakuwa umeshatoa mbegu. Mbeya na Arusha baridi ya Juni na Julai huchelewesha mimea, hivyo mahindi yapewe wiki tatu hadi nne zaidi. Andika tarehe halisi za kuota, kuchanua na kukomaa kila mwaka, kwa sababu ratiba ya kiwanja kimoja haifai kiwanja kingine.

Usipande mahindi yote kwa mkupuo. Gawa awamu tatu zinazopishana siku 14: mgeni ataona yanayochanua, yanayoanza kujaza punje na yaliyofikia kuchomwa, na awamu moja ikiharibika bado unazo mbili.

Fedha za maonesho mara nyingi huchelewa, watu wakapanda Juni kisha wakamwaga mbolea ya kukuzia ya UREA wakidhani mahindi yatakimbia. Hayakimbii. UREA huongeza majani, haifupishi siku za kukomaa. Ukichelewa, achana na mahindi, panda mboga za majani.

Udongo wa viwanja hivi umekanyagwa miaka mingi. Katua hadi sentimita 30, changanya samadi iliyoiva kilo 200 hadi 300 kwa kila kipande cha mita 10 kwa 10. Kipande hicho, ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, kina mashimo kama 220 ya mimea miwili miwili. Weka mbolea ya kupandia ya DAP kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, fukia kwa udongo kidogo ndipo uweke mbegu, maana mbegu ikigusana na mbolea huungua. Jumla ya DAP kwa kipande ni kilo moja na robo hivi.

Maji ndiyo yanayoua vipando vingi. Kipande kimoja kinahitaji kama lita 500 kwa siku zao likishakua, yaani nusu ya simtanki la lita 1,000. Vipande kumi ni lita 5,000 kila siku. Mabanda yakianza kujaa watu mwishoni mwa Julai, bomba la kiwanja huzidiwa, kwa hiyo jaza matangi usiku na utandaze nyasi kavu kwenye mashina.

Viwavijeshi vamizi vikague mara mbili kwa wiki, ukifunua moyo wa mhindi. Kuhusu dawa, kuwa mkali sana: mgeni huchuma nyanya, akaifuta kwenye shati, akaila papo hapo, na pengine akampa mtoto. Soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zikiwa 14, mwisho wa kupulizia ni tarehe 17 Julai. Baada ya hapo okota wadudu kwa mkono.

Acha njia za mita moja na nusu kati ya vipande, zikiwa nyembamba watu watakanyaga matuta. Kibao kiwe kando ya njia, kikitaja aina ya mbegu, tarehe ya kupanda, nafasi, mbolea na gharama ya pembejeo kwa ekari. Gharama ndiyo mkulima huulizia kwanza, nayo ndiyo husahaulika.

Kando ya kipande bora, panda kingine kwa mbegu ileile bila mbolea. Wengi hukikwepa kwa kuogopa aibu mbele ya mgeni rasmi, lakini hapo ndipo mkulima hupata kulinganisha kwa macho yake. Na anayesimama kutoa maelezo awe yule aliyepanda na kumwagilia, kwa sababu maswali huanzia hapo.