Umemaliza riwaya? Hivi ndo unavyoisemea mpaka mtu aitafute

Ukionekana na kitabu hapa Tanga swali ni moja tu, "ehee, kizuri?" Na watu wengi wakiulizwa hivo wanajibu "kizuri sana aisee" alafu basi, maongezi yamekufa hapo hapo, au wanaenda upande wa pili kabisa, wanaanza kukusimulia toka ukurasa wa kwanza nani kazaliwa wapi nani kamuoa nani mpaka wamefika mazishini na we hata hujaomba. Yote mawili hayamsaidii mtu. Mi ni msomaji tu, sio mwalimu wala sijasomea uhakiki, ila riwaya napenda na kila nikimaliza moja lazima niiseme kwa mtu, sa nimeona niandike hapa navyofanya, na humo humo ntatupia maoni yangu ya hizi nilizosoma karibuni maana kufundisha bila mfano ni porojo.

Kitu cha kwanza, na kwangu ndo kikubwa kuliko vyote vinavyofuata, jichunguze wewe unavyosoma kabla hujakichunguza kitabu. Wapi ulikesha? Wapi ulisinzia kitabu kikakuangukia usoni? Wapi ulirudi kusoma mara ya pili, na wapi ulianza kuhesabu kurasa zilizobaki? Maoni yako yako hapo, hayako kwenye maneno yaliyoandikwa nyuma ya jalada. Shida ni kwamba ukimaliza unasahau, unabaki na hisia moja kubwa tu ya "kizuri" au "mh", kwa hiyo lazima uweke alama wakati unasoma. Mi natumia vipande vya karatasi, tiketi za basi kuukuu, risiti, chochote. Kipande kikichungulia juu maana yake hapo pamenoga, kikichungulia chini hapo pamenichosha au pameniudhi. Siandiki kitu, nachomeka tu naendelea. Ukimaliza unakiangalia kitabu kwa ubavuni na tayari kinakuambia kimekukaaje. Na kama ni cha maktaba ya mkoa tafadhali usichore humo ndani na wino wako, wengine tunakuja kukiazima baada yako na hatutaki kusoma mistari yako.

Mfano Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Ile aliiandika kwa Kiingereza ikatoka 1994, sa hivi ipo ya Kiswahili, kaitafsiri Ida Hadjivayanis, wakachapa Mkuki na Nyota 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Ya kwangu ilipoisha vipande vya juu vilikuwa vimejazana sehemu mbili, kule dukani yule mtoto Yusuf anapokaa na mwenzake Khalil, na kwenye ile bustani ya tajiri aliyemchukua. Vya chini vyote vilikuwa kwenye safari ya bara. Sa mtu mvivu angesema "katikati inaboa", lakini hebu subiri, ukijiuliza kwa nini umechoka unagundua wanaochoka ni wale wasafiri wenyewe, ni homa, ni mizigo, ni hongo kwa kila mtawala wanayempitia, na mwandishi hakutaka uvuke kirahisi. Kwa hiyo maoni yangu yakawa hivi, safari ni ndefu na inachosha na nadhani imekusudiwa ichoshe, ila mi binafsi ningepunguziwa kidogo. Unaona hapo? Nimesema nilichohisi, nimesema kwa nini, na nimemuachia mwenzangu nafasi ya kubisha. Tena sisi wa huku tuna sababu ya kuisoma taratibu, Pangani hapo chini nako ilikuwa bandari ya misafara, sio mambo ya kusimuliwa ya nchi ya mbali.

Pili, kueleza kinahusu nini. Sentensi mbili, tatu ukizidisha. Unasema nani, yuko wapi, kimemkuta nini cha kuanzia, unanyamaza. Kwa Peponi mi nasema: kuna mtoto wa miaka 12 anaitwa Yusuf, anachukuliwa na mfanyabiashara aliyekuwa akimhesabu kama mjomba wake, kumbe baba mtu ana deni na mtoto ndo rehani, na hii ni kabla kidogo ya vita kuu ya kwanza Wajerumani wakiwa wameshaingia. Basi. Hapo mtu kama ana damu mwilini atauliza "ikawaje?" na wewe jibu lako ni "kasome". Usimwage mchele kwenye kuku wengi. Kuhusu mwisho unaruhusiwa kusema ulikuachaje, huruhusiwi kusema ulikuwaje. Mi mwisho wa Peponi uliniacha na hasira siku nzima, nikikutana nawe umeshaisoma tutagombana vizuri, ila hapa siongezi neno.

Sasa kuna ugonjwa ambao sie tuliosoma shule za huku tunao karibu wote nao ni fani na maudhui. Mtu kasoma riwaya mwenyewe kwa raha zake, hakuna mtihani, hakuna msimamizi, ila ukimuuliza anaanza "dhamira kuu ni ukombozi, dhamira ndogondogo ni mapenzi, mwandishi ametumia tamathali za semi kama vile tashibiha na tashihisi…" Jamani! Nani kakuuliza? Sisemi ule uchambuzi mbaya, unasaidia kuona kitabu kilivyojengwa, lakini ukisema hivo kwa mtu barazani anajua tu kwamba ulifaulu, hajui kama kitabu kilikugusa. Jilazimishe kusema bila hayo maneno. Badala ya "mhusika mkuu amechorwa vizuri" sema alifanya nini mpaka ukamuona.

Rosa Mistika ndo nimeirudia kwa staili hiyo. Kezilahabi, 1971, iliwahi kupigwa marufuku mashuleni na baadaye ikaja ikaingizwa hukohuko mashuleni, kwa hiyo wengi wetu tulikutana nayo kama kazi ya darasani, tukaimeza ili tujibu maswali. Isome ukiwa mtu mzima, na hasa kama una mtoto wa kike. Lile tukio la baba yake, Zakaria, kumpiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, shuleni nililiweka kwenye "malezi mabaya" nikahamia swali linalofuata, safari hii niliweka kitabu chini nikatoka nje. Alafu nina ugomvi nayo pia, naona mwandishi kamuonea huruma Rosa mwanzoni mwote, alafu kadiri kinavyoenda mkono wake unakuwa mzito juu ya yule binti kama naye kageuka Zakaria. Inawezekana unaona tofauti, sawa, ila hayo ndo maoni, yana mtu nyuma yake.

Kingine ambacho watu wanachanganya, "sijakipenda" na "ni kibaya" ni vitu viwili. Nagona ya huyohuyo Kezilahabi ni kijitabu chembamba, unaweza kudanganyika ukasema nakimaliza na kikombe kimoja cha chai. Thubutu. Ni mafumbo juu ya mafumbo, hujui uko ndotoni au uko macho. Mi vipande vyangu vya chini vilikuwa vingi kuliko kurasa, ila siwezi kusema ni kibaya, kuna sentensi mle zinakuganda wiki nzima. Nachosema kwa watu ni kwamba sikukipata vizuri, na kwamba kama unataka hadithi yenye mwanzo na mwisho usiguse, ila kama unapenda kukaa na kitu kinachokusumbua basi kichukue. Kusema hukuelewa sio aibu. Aibu ni kusema "kina falsafa nzito" ili uonekane.

Hayo pia ndo yanafanya nisipende kutoa maksi. Saba kwa kumi, nane kwa kumi, zinamsaidia nani? Hiyo nane yako na nane yangu hazijawahi kukutana. Badala yake mwambie mtu kitabu ni cha nani, nani akipewa atanishukuru na nani akipewa atanirudishia kesho. Na hapa lazima umjue unayeongea naye. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwa mfano, ya 1999, nimeisemea mara mbili kwa watu wawili tofauti kabisa. Kwa shangazi yangu wa Makorora, ambaye hadithi bila mapenzi kwake ni taarifa ya habari, nilimwambia, shangazi, kuna binti wa Kihindi Unguja enzi za mkoloni kaozwa mzee, kamkimbia, kwao wamemfungia mlango, kaenda kukaa kwa shoga yake Mswahili anaitwa Mwajuma na huko kakutana na kijana. Shangazi akauliza tu, "Kijana mwenyewe ana kazi?" Nikamwambia kazi yake ni siasa. "Ah! Basi mwanangu ashapotea huyo," na kitabu kakichukua. Kwa jamaa yangu wa bodaboda pale barabara ya 12 mapenzi sikuyataja, nilianza na Denge, yule kijana mwenyewe, makachero wanavyomuwinda, mikutano ya siri, vipeperushi vya usiku. Kitabu kilekile, sijadanganya mtu.

Maoni yangu mwenyewe juu yake? Mwajuma kaiba kitabu. Denge namheshimu lakini akianza kuhutubia nachomeka kipande chini, Yasmin, yule binti wa Kihindi, namuonea huruma, ila Mwajuma akiingia tu chumba kinachangamka, ana moyo, ana mdomo, hana kitu mfukoni na bado nyumba yake ndo kimbilio la wote. Angepewa riwaya yake peke yake ningeinunua kesho. Na kama umeangalia filamu yake, ile ya Amil Shivji ya 2021, tafadhali sema kwamba umeangalia filamu, usije ukajifanya umesoma, tunajuana.

Alafu sema upendeleo wako mapema. Mi Siku Njema ya Ken Walibora siwezi kuisemea kwa haki na naliweka wazi, mwandishi ni Mkenya lakini kijana wake Kongowea Mswahili kaanzia Tanga, mama yake mwimbaji wa taarab, na mtu wa Tanga umwambie taarab na Tanga kwenye ukurasa mmoja alafu utegemee awe hakimu? Haiwezekani. Nilikuwa nasoma huku nimetabasamu, kwa hiyo zile sehemu ambazo bahati inamuangukia kijana kupita kiasi nilizisamehe tu, mtu wa Mwanza anaweza asizisamehe. Ukishamwambia msikilizaji wako hivo anajua apunguze kiasi gani kwenye sifa zako.

Mambo madogo madogo haraka haraka. Usitoe maoni saa ileile umefunga kitabu, lala nacho usiku mmoja au miwili, usikae mwezi. Majina ya wahusika yaandike mahali maana ndo ya kwanza kukimbia. Na hakikisha kitabu ulichosoma ni kizima, hizi pdf za wizi zinazozunguka kwenye simu nyingi zimerukwa kurasa au mistari imeliwa pembeni, alafu mtu anakuja kulalamika "mwandishi karukaruka", ndugu yangu aliyeruka ni aliyepiga picha! Makosa ya chapa nayo mlaumu mchapaji, usimkate mwandishi kwa ajili ya herufi zilizogeuka. Kama huku hukipati agiza Dar, muuzaji anakupakizia kwenye basi, unakifuata stendi, rahisi tu.

Kama unatuma kwa sauti isizidi dakika mbili, mtu akiona dakika saba anaahidi atasikiliza baadaye na haji kusikiliza. Anza na lile jambo moja lililokukaa, sio na mwaka wa kuzaliwa wa mwandishi.

Vile ulivyoviacha katikati navyo viseme, ila taja umefika wapi. "Nimeacha ukurasa wa 90 kwa sababu watu wote wanaongea sauti moja" ni maoni halali kabisa, tena mara nyingi yana msaada kuliko sifa. "Nimeacha, kinaboa" hayo ni malalamiko ya njaa. Mi nina riwaya moja ya upelelezi siitaji jina, mpelelezi wake kila akiingia mahali wanawake wote wanamgeukia, mara ya nne nikairudisha kabatini, na nikiulizwa najibu hivohivo nilivyoandika hapa, mwenye kuvumilia hayo akaichukue.

Ukishaisemea vizuri mtu atakiomba, hapo ndo shughuli. Mpe, ila kabla hakijatoka mlangoni toa vipande vyako vyote, asije akasoma kwa kufuata alama zako, aweke vyake, na jina lake liandike kwenye daftari na tarehe, maana vitabu vya kuazimana mji huu vinafika mpaka Muheza na Korogwe na vikirudi vimeshavuliwa jalada.